Walimfunga Mchungaji, Nyumba Ikabaki Imesimama

Karibu kila kanisa tunalolijua lina siku yake ya akina mama. Wengine hukutana Jumatano, wengine Alhamisi alasiri, vyombo vya mchana vikishaoshwa na kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Tunasoma Neno, tunaombeana, tunashona kitambaa cha meza ya Bwana, tunachangishana fedha kidogo kwa ajili ya mwenzetu aliyejifungua au aliyefiwa. Hatuwazi hata siku moja kwamba mambo hayo yanaweza kuwa kosa mbele ya sheria.

Mwaka 1929 serikali ya kikomunisti ya Muungano wa Sovieti ilitoa sheria juu ya vyama vya dini. Sheria hiyo ilikataza makanisa kuwa na mikutano maalumu ya watoto, ya vijana na ya wanawake. Ilikataza vikundi vya kujifunza Biblia, na vikundi vya kushona pia. Ilikataza kanisa kuwasaidia waumini wake kwa fedha au mali. Lililobaki halali ni ibada peke yake, ndani ya jengo lililoandikishwa, chini ya macho ya serikali.

Sheria hiyo ilipotoka, katika nyumba ya mhubiri mmoja wa Kibaptisti kulikuwa na mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka. Jina lake Georgi Vins. Mtoto huyo alikuja kuwa mchungaji na mmoja wa viongozi wa Wabaptisti waliokataa kuinama, akafungwa miaka minane kwa jumla, na mwisho akafukuzwa nchini mwake. Habari zake zimesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida anayesimuliwa ni yeye. Leo tungependa kusimulia habari hizo tukisimama upande wa jikoni, tukiwatazama mama yake, Lydia, na mkewe, Nadezhda. Bila hao wawili tusingekuwa na mchungaji wa kumsimulia.

Baba asiyerudi

Baba yake Georgi aliitwa Peter Vins. Alikuwa amesoma Marekani, na mwaka 1922 akarudi Urusi kuhubiri Injili. Alijua vizuri ni nchi gani anayoirudia. Georgi alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa Blagoveshchensk, mbali kabisa mashariki, kwenye mpaka wa China.

Mwaka 1930 Peter alikamatwa mara ya kwanza, akapewa kifungo cha miaka mitatu katika kambi za kazi ngumu. Alitoka, familia ikakaa Siberia. Alipotoka hakuacha kuhubiri wala kuwatembelea waumini majumbani. Mwaka 1936 alikamatwa tena, akaachiliwa. Mwaka 1937, katika mji wa Omsk, wakaja mara ya tatu.

Huo ulikuwa mwaka wa hofu kubwa nchini kote. Katika utawala wa Stalin watu wa kila aina walichukuliwa usiku: wachungaji, mapadre, walimu, wakulima, hata wakomunisti wenyewe. Familia ya Vins iliambiwa kwamba Peter amepewa miaka 10 bila haki ya kuandikiana barua. Georgi alikuwa na umri wa miaka kama tisa.

Hebu tufikirie, akina mama. Miaka 10 bila barua. Huwezi kuuliza kama anakula, huwezi kumpelekea soksi za baridi, huwezi kumwambia kwamba mtoto ameanza kufanana naye. Lydia alikuwa bado kijana, karibu miaka 30 tu. Alibaki na mtoto, na jina la mke wa mfungwa, katika nchi ambayo jirani angeweza kuogopa hata kukusalimu.

Baadaye waliambiwa kwamba Peter alifia kambini mwaka 1943. Jambo hilo tutalirudia mwishoni.

Mama aliyejua njia inakoelekea

Baada ya vita Lydia na mwanawe walihamia Kiev, mji mkuu wa Ukraine. Georgi alikuwa na kichwa kizuri cha masomo. Aliingia chuo cha ufundi cha Kiev, akahitimu uhandisi wa umeme. Mwaka 1952 alimwoa Nadezhda, msichana mwumini aliyesomea lugha za kigeni. Mungu akawajalia watoto watano.

Hapa tunataka tusimame kidogo. Mama huyu alikwisha kumpoteza mumewe kwa sababu ya Injili. Sasa ana mtoto wa kiume mwenye cheti kizuri na kazi ya heshima. Ni mama gani kati yetu ambaye asingesema moyoni, "Mwanangu, wewe amini tu kimyakimya. Baba yako alikwisha kulipa kwa ajili yetu sote"? Tusingemlaumu mama wa namna hiyo, maana huenda nasi tungekuwa wa kwanza kusema hivyo.

Lydia hakumlea Georgi kwa namna hiyo. Alimlea akijua habari za baba yake zote, bila kumficha kwa nini alichukuliwa. Kijana hakuambiwa kwamba baba alikosea, wala kwamba alikuwa na bahati mbaya. Akakua akijua kwamba baba yake alimpenda Kristo, na kwamba upendo huo ulikuwa na gharama. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa mama yeyote hilo ni neno zuri. Kwa Lydia lilikuwa pia neno la kutisha, kwa kuwa alijua njia hiyo inaelekea wapi.

Waraka uliowagawa ndugu

Stalin alikufa mwaka 1953, na watu wengi walipumua. Lakini kuanzia mwaka 1959 kiongozi mpya, Khrushchev, alianzisha vita vipya juu ya dini. Makanisa mengi yalifungwa. Magazeti na shule zilifundisha kwamba imani ni ugonjwa wa watu wa zamani, nao utatoweka wazee watakapokwisha kufa.

Serikali ilijua kwamba wazee watakufa wenyewe. Kwa hiyo iliwalenga watoto. Mwaka 1960 uongozi wa Wabaptisti uliokuwa umeandikishwa na serikali, kwa kushinikizwa, uliwapelekea wasimamizi wa makanisa waraka wa siri pamoja na kanuni mpya. Wasimamizi walitakiwa kupunguza ubatizo wa vijana, kutuliza bidii ya kuwavuta watu wapya, na kutowaruhusu watoto kuhudhuria ibada.

Msomaji mpendwa, piga picha ya Jumapili kama hiyo. Mama amefika mlangoni na mtoto mkononi na mwingine mgongoni, na mzee wa kanisa, mtu anayemfahamu na kumpenda, anamwambia kwa huzuni kwamba yeye aingie ila watoto wabaki.

Tusiwe wepesi kuwahukumu wazee hao. Wengi wao walikuwa wamekaa kambini wakati wa Stalin. Waliona ni heri kubaki na mlango mmoja wazi, hata kama ni mwembamba, kuliko kukosa mlango kabisa. Katika makanisa yao akina bibi waliendelea kuomba kwa machozi, na Mungu aliwasikia. Lakini wengine waliona kwamba kanisa lisilopokea watoto limekubali kufa kwa amri ya adui. Mwaka 1961 kikundi cha ndugu kilitokeza wazi kudai mkutano mkuu wa Wabaptisti wote ili jambo hilo lizungumzwe. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Gennadi Kryuchkov. Katika Kiev, mhandisi Georgi Vins alijiunga nao.

Kazi ya uhandisi aliiacha, akaingia katika kazi ya Bwana moja kwa moja. Waumini waliotoka pamoja naye hawakuwa na jengo, wala serikali haikukubali kuwaandikisha. Walikusanyika msituni nje ya mji, jua likiwaka na theluji ikianguka. Huko watoto waliruhusiwa. Wakati mwingine polisi walikuja, wakawatawanya, wakawapiga, wakawatoza faini.

Mgawanyiko huo ulikuwa na uchungu wake. Kulikuwa na nyumba ambazo mama na binti waliabudu mahali tofauti, na majeraha mengine hayakupona kwa miaka mingi. Hatuoni faida ya kulificha hilo.

Aiskrimu barabarani

Mkono wa serikali haukumgusa mume peke yake. Mwaka 1962 Nadezhda, aliyesomea lugha na kufanya kazi ya kutafsiri, aliachishwa kazi kwa sababu ya imani yake. Alikaa muda mrefu bila kazi. Aliyoipata hatimaye ilikuwa ya kuuza aiskrimu.

Wako wasomaji wetu watakaomwelewa mara moja. Umesoma, una cheti chako ndani ya sanduku, na unasimama barabarani unahesabu sarafu za aiskrimu ili watoto wale. Wale waliokujua zamani wanapita. Wengine wanakununulia kwa huruma, wengine wanageuza uso. Kuna aibu ya jela, na kuna aibu nyingine ndogondogo ya kila siku, isiyoandikwa katika vitabu vya mashujaa. Hiyo ndiyo iliyomwangukia Nadezhda.

Siku mbili za Mei mjini Moscow

Mwaka 1965 makanisa yasiyoandikishwa yaliunda Baraza la Makanisa lao. Kryuchkov akawa mwenyekiti, Vins akawa katibu. Mwaka uliofuata, tarehe 16 na 17 Mei 1966, lilitokea jambo ambalo Moscow haikulizoea. Wajumbe wapatao 500 kutoka miji mingi ya nchi walikusanyika mbele ya jengo la Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti. Waliomba kuonana na wakuu wa nchi, na waliomba watu wao waachiliwe na kanisa liachwe limwabudu Mungu. Hawakuja na silaha wala matusi. Waliomba na kuimba. Siku ya pili waliingizwa kwa nguvu ndani ya mabasi, wakapelekwa mahabusu.

Siku mbili baadaye, tarehe 19 Mei, Georgi Vins na mchungaji mwenzake Mikhail Khorev walikwenda katika ofisi hiyohiyo kuuliza habari za ndugu waliokamatwa. Nao wakakamatwa. Mwezi wa Novemba Vins na Kryuchkov walihukumiwa mjini Moscow, kila mmoja miaka mitatu. Georgi alipelekwa milima ya Ural, kwenye kambi ya kazi ya msituni. Afya yake iliharibika sana huko.

Kwa Lydia, hii ilikuwa mara ya pili kusindikiza. Miaka karibu 30 baada ya kumwona mumewe akichukuliwa, sasa alikuwa anamfungia mwanawe mzigo wa kambini.

Akina mama washika kalamu

Huenda mtu angetazamia kwamba bibi huyu sasa angekaa kitini, alie na kuomba. Kuomba aliomba. Lakini alifanya na jambo jingine.

Mwezi wa Januari 1964, mwumini mmoja wa Siberia, Nikolai Khmara, alifia gerezani majuma machache tu baada ya kuhukumiwa. Alikuwa mlevi zamani, akaokoka, na watu wote wa kwao waliona alivyobadilika. Mwili wake ulirudishwa nyumbani ukiwa na alama za mateso. Mwezi uliofuata jamaa za wafungwa walikutana wakaunda Baraza la Jamaa za Wafungwa. Walio wengi walikuwa wanawake: wake, mama na dada wa waliofungwa. Lydia Vins alikuwa miongoni mwa wale walioliongoza.

Kazi yao ilikuwa nyepesi kusema na ngumu kutenda. Waliandika majina. Nani amekamatwa, lini, mji gani, kwa kifungu gani cha sheria, kifungo cha miaka mingapi, yuko kambi gani, ameacha nyumbani mke na watoto wangapi. Waliandika pia habari za watoto walioondolewa mikononi mwa wazazi wao kwa kosa la kufundishwa kumwomba Mungu. Kisha walizinakili orodha hizo na kuzipeleka kwa wakuu wa nchi, na nyingine zikapenya hadi nje. Mwaka 1967 waliandika kwa U Thant, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Kwa nini majina? Kwa sababu dhuluma ya namna hii hustawi mahali ambapo mtu anapotea bila kutajwa. Lydia alikuwa amejifunza hilo mwaka 1937. Wakati huo mumewe alichukuliwa, na hapakuwa na mtu wa kuuliza. Sasa alihakikisha kwamba kila mama anayebaki na watoto wake ana mtu wa kumwulizia, na kwamba waumini wa miji mingine wanajua watoto wa nani hawana koti la baridi mwaka huo. Michango ilipelekwa kwa siri, mkono kwa mkono, ingawa sheria ilikataza kanisa kusaidiana.

Serikali iliona kwamba mwanamke huyu mwenye kalamu ana nguvu. Mwezi wa Desemba 1970, Lydia akiwa na umri wa miaka 63, naye alikamatwa. Alipewa miaka mitatu. Georgi alikuwa ametoka kambini mwaka 1969. Kwa hiyo zamu ilibadilika: mama akawa mfungwa, mwana akawa mtu wa kungoja.

Alitoka mwaka 1973, akarudi kwenye majina yake.

Baba anayeishi mafichoni

Punde baada ya kuachiliwa, Georgi aliona kwamba watamkamata tena. Akaingia mafichoni, akawa anatembelea makanisa kwa siri toka mji hadi mji. Kwa familia, huo ulikuwa ni ujane wa namna nyingine. Baba yu hai, lakini haonekani mezani. Watoto walisoma shule ambazo walimu walijua baba yao ni nani na waliwaaibisha mbele ya wenzao.

Katika miaka hiyohiyo Baraza la Makanisa lilikuwa limeanzisha kazi ya kuchapa Biblia kwa siri. Mitambo ilitengenezwa kwa vipande vya vyombo vya kawaida, kama baiskeli na mashine za kufulia nguo. Waliofanya kazi hiyo, wengi wao wasichana, walikaa miezi mingi ndani ya nyumba zilizofungwa madirisha. Mwezi wa Oktoba 1974 polisi waligundua mtambo mmoja katika shamba huko Latvia, wakawakamata vijana saba na kuchukua Injili zipatazo 15,000. Kazi haikukoma. Sisi ambao Biblia zetu zinakaa rafuni tukizisahau mpaka Jumapili, tuwakumbuke wasichana hao.

Georgi mwenyewe alikuwa amekwisha kukamatwa mwezi wa Machi mwaka huo. Alihukumiwa Kiev mwezi wa Januari 1975. Alimkataa wakili aliyepewa na serikali, akaomba wakili Mkristo. Mwanasheria mmoja wa Norway alikuwa tayari kuja, akanyimwa ruhusa ya kuingia nchini. Hukumu ikawa miaka mitano ya kambi, kisha miaka mitano ya kuishi uhamishoni. Alipelekwa Yakutia, sehemu ya Siberia ambako baridi inashinda baridi ya friji zetu kupita kiasi.

Safari hii dunia ilikuwa macho. Mwanasayansi Andrei Sakharov alipaza sauti kwa ajili yake. Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuomba aachiliwe. Wakristo wa nchi nyingi waliandika barua. Walimjua kwa jina kwa sababu akina mama wa Kiev na wenzao walikuwa wameliandika jina hilo, pamoja na mengine mengi.

Na nyumbani? Peter, mwana wa Georgi aliyepewa jina la babu yake, alijiunga na kundi la kutetea haki za binadamu huko Ukraine. Mwaka 1978 naye akafungwa mwaka mmoja. Akawa Vins wa kizazi cha tatu kuingia jela.

Ndege ya Aprili 1979

Mwezi wa Aprili 1979 Georgi alikuwa amemaliza miaka mitano ya kambi, akingoja kupelekwa uhamishoni Siberia. Ghafla alisafirishwa hadi Moscow, akaambiwa kwamba amevuliwa uraia na anaondolewa nchini. Tarehe 27 Aprili yeye na wafungwa wengine wanne walishushwa kutoka ndege mjini New York. Serikali ya Marekani ilikuwa imekubaliana na Moscow kubadilishana: wafungwa hao watano kwa majasusi wawili wa Kisovieti.

Jumapili iliyofuata, mtu aliyekuwa mfungwa siku chache kabla alikaa katika kanisa la Wabaptisti mjini Washington, katika darasa la Shule ya Jumapili lililofundishwa na Rais Jimmy Carter mwenyewe.

Tunafurahi kusoma hilo. Lakini tukumbuke kwamba mtu huyo hakuomba kuondoka. Kanisa lake, marafiki zake na kaburi la baba yake ambalo hakuwahi kulijua lilipo, vyote alivifungiwa nyuma kwa siku moja. Majuma machache baadaye Lydia, Nadezhda na watoto waliruhusiwa kumfuata. Waliishi katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana. Huko Georgi aliendelea na kazi ile aliyoianza mama yake: kutaja majina ya waliobaki gerezani, kuandika, kuhubiri, kuomba watu wasiwasahau.

Jambo ambalo Lydia hakulijua

Lydia alifariki huko Marekani mwaka 1985. Wakati huo wafungwa wa imani walikuwa bado wako kambini. Hakuiona siku ambayo waliachiliwa, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Gorbachev. Hakuona mwaka 1990, mwanawe aliporudishiwa uraia na nchi ilipotunga sheria mpya ya uhuru wa dini. Hakuona Desemba 1991, dola lile kubwa lilipovunjika.

Kisha makabati ya polisi wa siri yakaanza kufunguliwa. Georgi aliweza kurudi Urusi, na katika miaka ya 1990 alifahamu ukweli juu ya baba yake. Peter Vins hakufa mwaka 1943. Alipigwa risasi huko Omsk mwaka uleule wa 1937. Ile hukumu ya "miaka 10 bila barua" ilikuwa ni maneno ambayo maofisa waliwaambia wake na mama wa watu ambao walikuwa wamekwisha kuuawa, ili wasiulize zaidi.

Kwa hiyo miaka yote ile Lydia alipokuwa akihesabu, hapakuwa na mtu wa kurudi. Habari ikafika akiwa kaburini.

Tumeona vigumu kuipita sehemu hii haraka. Katika magazeti kama letu tunapenda masimulizi yenye mwisho mzuri: mama aliomba, na mlango ukafunguka. Mungu hufungua milango kweli, na ndege ya 1979 ni ushahidi. Lakini mama huyuhuyu aliyemwona mwanawe akishuka ndege hakumwona mumewe tena, wala hakuambiwa ukweli. Mungu yule yule alikuwa Mungu wa mambo yote mawili. Kama wewe unayesoma ukurasa huu unangoja jambo ambalo halijaja, usiruhusu mtu akuambie kwamba ni kwa sababu imani yako ni ndogo. Imani ya Lydia haikuwa ndogo.

Georgi Vins mwenyewe alifariki mwezi wa Januari 1998, huko Elkhart, akiwa na umri wa miaka 69.

Nasi tuchukue nini?

Mtume Paulo, alipotaka kumtia moyo Timotheo, alimkumbusha imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Akatafuta mzizi wa kijana yule nyumbani. Tukimtazama Mchungaji Vins, nasi tunaona vivyo hivyo.

Kwanza, Lydia hakumficha mwanawe gharama. Sisi nyakati nyingine tunawafundisha watoto wetu imani ya peremende: omba upate, mwamini Yesu ufaulu mtihani. Siku wanapofeli, imani inaanguka pamoja na cheti. Mtoto anaweza kubeba ukweli zaidi ya tunavyodhani, mradi aambiwe na mtu anayempenda, na kwa kipimo cha umri wake.

Pili, watoto wa mchungaji nao hulipa. Watoto wale watano hawakuchagua kambi wala msitu. Katika makanisa yetu hakuna polisi mlangoni, lakini wako wake wa wachungaji wanaolala peke yao kwa sababu mume yuko kwenye mikutano, na watoto wanaomwona baba mimbarani kuliko mezani. Tuwaulize hali. Tusiishie kwenye kuwasalimu tu.

Tatu, kalamu na kapu ni silaha. Lydia hakuwa askofu. Alikuwa na karatasi, majina, na moyo usiokubali mtu apotee bila kuulizwa. Katika kikundi chako cha akina mama, ni nani ambaye hajaonekana kwa majuma matatu? Jina lake limeandikwa wapi? Nani amepangwa kwenda kwake?

Tungependa mazungumzo haya yaendelee nyumbani. Jioni moja juma hili, baada ya chakula, mweleze mumeo na watoto habari za familia ya Vins. Kisha waulizeni pamoja: kama kanisa letu lingekatazwa kupokea watoto, sisi tungefanya nini? Wasikilizeni watoto kwanza. Na siku yenu ya akina mama ikifika, mnapotandaza vitambaa na kugawa nyuzi, mshukuruni Mungu kwa sindano zile. Wako wenzetu ambao kwao hata hiyo ilikuwa ni kosa.